Mnyonge Mnyongeni, Nafasi Yake Mpeni

Usiku wa tarehe 20 Desemba 2025, sebule ya jirani yangu hapa Harrisonburg, Virginia, ilijaa watu waliovaa zambarau. Jirani huyo ni mzee wa Uvira aliyeletwa na vita katika bonde hili la Shenandoah, ambako amekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na binti yake anasoma Chuo Kikuu cha James Madison, dakika chache kwa gari kutoka mlangoni pake. Fulana ya binti ilikuwa na jina la chuo kwa maandishi ya dhahabu. Ya mzee ilikuwa ya zambarau tupu, kwa sababu, kama alivyotueleza bila kuulizwa, zile zenye jina zinauzwa ghali mno.

Timu ya chuo hicho ilikuwa Eugene, Oregon, ikicheza mechi yake ya kwanza katika mtoano wa ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Kufikia mapumziko, Oregon ilikuwa imefunga mara nyingi kiasi kwamba watoto walihamia chumba cha pili kutafuta mambo yao. Mchezo uliisha kwa alama 51 kwa 34. Mchana wa siku hiyo, Tulane, timu nyingine kutoka ligi ndogo, ilikuwa imechapwa 41 kwa 10 na Ole Miss, chuo cha ligi kubwa, na simu zetu zilikuwa zimejaa maneno ya watu waliosema kwamba timu kama hizi hazikustahili kuwapo.

Mzee alinigeukia. “Mdogo wangu, hawa watoto walifika huku namna gani? Walishinda, ao walipewa?”

“Walishinda, mzee,” nikamjibu, na mazungumzo yakahamia kwenye chai.

Swali lenyewe halikuhama. Limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nilipojaribu kulijibu kwa ukamilifu nilikuta kwamba katika mchezo huu kushinda na kupewa vimefungwa pamoja kwa namna ambayo hata wanaoziandika kanuni hawapendi kuieleza.

Mechi 12, ushindi 6

Nilianza chini kabisa, mbali na mtoano, kwenye boli za kawaida za mwezi Desemba, yaani mechi za mwaliko zinazochezwa baada ya ratiba ya kawaida kwisha, kwa kuwa huko ndiko msimu wa timu nyingi za ligi ndogo unakoishia ukienda vizuri. Kanuni yenyewe ni nyepesi: shinda mechi 6 kati ya 12, nawe una sifa ya kualikwa. Haimtaji mkubwa wala mdogo.

Tofauti imejificha kwenye ratiba. Timu ya ligi ndogo kama MAC hucheza mechi 8 za ligi yake, kisha hutafuta wapinzani wa mechi 4 zilizobaki. Kati ya hizo, moja au mbili huwa ni safari ya kwenda kwenye uwanja wa chuo kikubwa kwa malipo. Chuo kikubwa hulipa dola milioni moja au zaidi, hakiahidi kuirudisha ziara hiyo, na hutarajia ushindi. Fedha hizo husaidia kuiendesha idara nzima ya michezo, wakiwamo waogeleaji na wakimbiaji ambao hakuna anayenunua tiketi kwenda kuwatazama. Kwa maneno mengine, timu huuza sehemu ya nafasi yake ya kufikia ushindi 6 ili idara isifunge mwaka kwa hasara, na anayeanza msimu akiwa amekwisha kuuza mechi 2 anautafuta ushindi 6 katika mechi 10.

Mara mojamoja aliyenunuliwa hugoma kufungwa. Tarehe 7 Septemba 2024, Northern Illinois ilikwenda South Bend kwa malipo ya dola milioni 1.4 kutoka Notre Dame. Zikiwa zimebaki sekunde 31 ilipiga mkwaju wa yadi 35 uliopita, kisha ikauzuia mkwaju wa mwisho wa wenyeji, na ikaondoka na ushindi wa 16 kwa 14 pamoja na hundi yake. Kocha Thomas Hammock alilia mbele ya kamera. Mechi iliyofuata, timu hiyohiyo ilifungwa na Buffalo katika muda wa nyongeza.

Msimu ulipokwisha, Notre Dame ilikuwa imetinga fainali ya taifa. Northern Illinois ilikuwa Boise, kwenye uwanja wenye nyasi bandia za buluu, ikicheza Famous Idaho Potato Bowl, ambako pia ilishinda baada ya muda wa nyongeza. Kusema haki, ilikuwa imepoteza mechi 5 na hakuna aliyedai kwamba ipelekwe kwenye mtoano. Kilichonishughulisha ni uzito wa mechi ile moja. Kwa mkubwa ilikuwa ajali inayosameheka, na kwa mdogo ilikuwa ushindi mtukufu ambao haukufungua mlango wowote.

Sifa si mwaliko

Kisha linakuja jambo ambalo wageni wa mchezo huu, mimi nikiwa mmoja wao, huchelewa kulielewa: ushindi 6 hukupa sifa, haukupi nafasi. Boli ni shughuli yenye mwenyewe. Ina mkataba na ligi fulani, ina mdhamini, ina saa yake kwenye televisheni, na nyingi zinamilikiwa na tawi la ESPN, kampuni ileile inayozitangaza. Mwenye shughuli huchagua wageni atakaowauza.

Western Kentucky ilishinda mechi 8 kati ya 12 mwaka 2013 na haikualikwa popote. Mwaka mmoja kabla yake, Louisiana Tech ilimaliza na ushindi 9, ikiwa timu iliyofunga alama nyingi kuliko zote nchini kwa wastani wa alama 51.5 kwa mechi. Independence Bowl ya Shreveport, mji ulio karibu na chuo hicho, iliwapa nafasi. Viongozi wa chuo wakaomba muda kidogo watazame kama kuna boli nzuri zaidi. Wenye boli hawakungoja. Walimchukua Ohio, na timu iliyofunga kuliko zote ikakaa nyumbani.

Wapo waliosema kwamba walijitakia wenyewe. Mimi naona kwamba chuo kikubwa kingesubiriwa.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ulionekana mwaka 2015, boli zilipokuwa zimeongezeka hadi timu zenye ushindi 6 hazikutosha. Nafasi zilizobaki zilijazwa kwa kutazama maendeleo ya wachezaji darasani, na Nebraska, Minnesota na San Jose State ziliingia zikiwa na ushindi 5 na kufungwa mara 7. Zote 3 zikashinda mechi zao za boli. Sijui mtu anayepima kustahili kwa matokeo ya mechi ya mwisho atalieleza vipi hilo.

Mji uliowaombea wengine wafungwe

Hapa ndipo ninaporudi kwenye mji wangu, kwa sababu tulioishi Harrisonburg mwaka 2023 tulilisoma somo hili kwa vitendo.

James Madison ilipanda daraja la juu mwaka 2022, baada ya kutwaa ubingwa wa daraja la chini mwaka 2004 na 2016. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilisema kwamba timu inayopanda haina sifa ya kucheza boli kwa misimu 2 ya mpito, haidhuru ishinde mara ngapi. Lengo lilikuwa kuzuia vyuo kupanda kwa pupa kabla ya kujipanga kifedha, na sioni ubaya katika lengo hilo. Lakini mwaka 2023 timu ilishinda mechi zake 10 za kwanza. Chuo kikaomba kanuni ilegezwe, mwanasheria mkuu wa jimbo akaingilia kati, na tarehe 15 Novemba NCAA ikakataa tena.

Siku 3 baadaye, ESPN ilileta kipindi chake cha Jumamosi asubuhi hapa chuoni. Watu walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa majani wakiwa na mabango tangu alfajiri, pumzi zikitoka kama moshi, wengi wao wakijua fika kwamba timu wanayoishangilia haitaruhusiwa kucheza hata fainali ya ligi yake. Jioni, Appalachian State wakaja wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza.

Kilichofuata sijapata kukiona tena. Palikuwa na kifungu cha kanuni kilichosema kwamba, timu zenye sifa zikipungua, walio katika mpito wenye ushindi wa kutosha wanaweza kujaza nafasi. Kwa hiyo wikiendi ya mwisho ya Novemba mji mzima uligeuka kuwa mashabiki wa watu wasiowajua. Kwa kinyozi wangu nilimkuta mzee mmoja amesimama, nusu ya kichwa imenyolewa, shuka bado shingoni, akiipigia kelele televisheni ili timu fulani ya mbali, ambayo nina hakika asingeweza kuionyesha kwenye ramani, ifungwe ibaki na ushindi 5.

Nafasi zilikuwa 82. Timu zenye sifa kamili zilikuwa 79.

Zile 3 zilizopungua zikajazwa na James Madison yenye ushindi 11, Jacksonville State iliyokuwa pia kwenye mpito, na Minnesota yenye ushindi 5. Timu ya ushindi 11 na timu ya ushindi 5 zikapitia mlango mmoja, na mlango huo haukufunguliwa na uhodari wa yeyote kati yao. Wakati huo Kocha Curt Cignetti alikuwa amekwisha kuajiriwa na Indiana. Vijana walikwenda Fort Worth wakafungwa 31 na Air Force dhidi ya 21 zao, na hapa mjini tulishukuru.

Baadaye nilijiuliza tulikuwa tunashukuru nini hasa.

Bingwa ambaye kamati haikumwona

Nafasi ya 2025 nilidhani ingekuwa na historia safi zaidi. Mtoano ulikuwa umepanuliwa mwaka 2024 hadi timu 12, na nafasi 5 zikawekwa kwa mabingwa 5 wa ligi walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati inayozipanga timu kwa ubora. Kila mtu alielewa maana yake: mabingwa wa ligi 4 kubwa, kisha bingwa mmoja kutoka ligi ndogo. Mwaka wa kwanza alikuwa Boise State. Mwaka 2025 Tulane ilikuwa ya 20, ikaichukua nafasi hiyo bila mjadala mkubwa.

James Madison, iliyokuwa ya 24, iliingia kwa sababu ACC, mojawapo ya ligi 4 kubwa, ilijikwaa. Timu 5 zililingana katika nafasi ya pili, hesabu za kuzitenganisha zikaipeleka Duke kwenye fainali ikiwa imefungwa mara 5, na Duke ikaishinda Virginia kwa 27 kwa 20 katika muda wa nyongeza. Bingwa wa ligi kubwa hakuwamo kwenye orodha ya kamati kabisa. Duke hiyohiyo ilikuwa imefungwa na Tulane mwezi Septemba, huku ikiongozwa na kwotabeki (mpangaji wa mashambulizi) Darian Mensah, ambaye msimu uliotangulia alikuwa mchezaji wa Tulane.

Je, walishinda au walipewa? James Madison ilishinda mechi 12 na kufungwa moja tu, ugenini Louisville. Iliipiga Troy 31 kwa 14 katika fainali ya ligi yake, Sun Belt, hapahapa mjini. Ilifanya kila kilichokuwa mikononi mwake. Hata hivyo Virginia ingeupata mpira mmoja zaidi katika fainali ya ACC, vijana wetu wangekuwa kwenye boli ya kawaida, na hakuna alama hata moja ya msimu wao ambayo ingekuwa imebadilika.

Vipi kuhusu vichapo?

Hoja ya wanaopinga siwezi kuiruka. Tulichokiona Eugene kabla ya mapumziko hakikuwa mashindano. Nililitafakari hilo kwa uaminifu, na kwa siku kadhaa niliegemea upande wao: kama mashindano ni ya kumtafuta bora, kuna faida gani kumpeleka mtu akapigwe hadharani?

Kilichonirudisha ni kumbukumbu. Boise State iliifunga Oklahoma 43 kwa 42 katika Fiesta Bowl ya 2007. Utah iliifunga Alabama 31 kwa 17 katika Sugar Bowl ya Januari 2009. TCU, ilipokuwa bado kwenye ligi ndogo, iliifunga Wisconsin 21 kwa 19 katika Rose Bowl ya 2011. UCF ilimaliza msimu wa 2017 bila kufungwa na ikaishinda Auburn 34 kwa 27, baada ya kamati kuiweka ya 12 na kuinyima nafasi katika mtoano wa timu 4. Kwa kila moja ya hizo, naweza kutaja kipigo: Hawaii ilifungwa 41 kwa 10 na Georgia, Liberty ikafungwa 45 kwa 6 na Oregon, na Cincinnati, ya kwanza kutoka ligi ndogo kuingia mtoano, ikafungwa 27 kwa 6 na Alabama mwishoni mwa 2021.

Lakini wakubwa nao hupigana hivyohivyo. Georgia iliichapa TCU 65 kwa 7 katika fainali ya Januari 2023, TCU ikiwa ya ligi kubwa wakati huo. Mwaka uliofuata hakuna aliyependekeza kwamba Big 12, ligi ya TCU, inyimwe nafasi. Kipigo cha mkubwa ni cha timu moja kwa siku moja. Kipigo cha mdogo huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya ligi nzima na ndugu zake wote. Mnyonge mnyongeni, wanasema wahenga, lakini haki yake mpeni, na haki ninayoizungumzia ni kupimwa kwa kipimo kilekile.

Wanaofuatilia Simba na Yanga wanaujua utaratibu mwingine. Nafasi za klabu za Tanzania katika mashindano ya CAF hutokana na pointi zilizokusanywa uwanjani kwa misimu 5, na hakuna kamati inayokaa hotelini kujadili kama tunafanana na watu wanaostahili.

Waliokuwa wamekwisha kuaga

Kuna jambo jingine lililonifanya nisiwe na hasira sana na matokeo ya tarehe 20. Bob Chesney, kocha wa James Madison, alikuwa amekwisha kukubali kazi UCLA kabla ya mechi ile. Jon Sumrall wa Tulane alikuwa amekwisha kukubali kazi Florida. Wote wawili walikuwa pembeni mwa uwanja wakiongoza timu ambazo walikuwa wamekwisha kuziaga, jambo ambalo nawapongeza kwalo, maana wengine huondoka siku ileile ya kutangazwa.

Cignetti, yule aliyetuacha 2023, aliondoka na wachezaji kadhaa wa hapa, na katika msimu wake wa pili Indiana ilimaliza ratiba ya kawaida ya 2025 bila kufungwa, ikaishinda Ohio State 13 kwa 10 katika fainali ya ligi kubwa ya Big Ten. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba ligi ndogo hazina ubora wa kushindana, nauliza ubora huo ulikwenda kupimwa wakati gani: kabla haujachukuliwa, au baada?

Wakati huohuo, walio juu wameanza kuziona boli kama mzigo. Notre Dame, iliponyimwa mtoano Desemba 2025, ilikataa boli yoyote. Iowa State na Kansas State zilikataa pia, ligi yao ikazitoza faini ya dola 500,000 kila moja. Vyuo kadhaa vyenye ushindi 5 viliombwa kuijaza Birmingham Bowl vikakataa, hadi ilipoangukia Appalachian State, nayo ikakubali. Nilipoisoma habari hiyo sikucheka. Kwa kocha wa ligi ndogo, mechi moja zaidi ni wiki za ziada za mazoezi kwa wachezaji wa mwaka wa kwanza, na ni usiku mmoja ambao televisheni ya taifa inalitamka jina la chuo chake.

Kanuni ya 2026

Kuanzia msimu wa 2026, mabingwa wa ligi 4 kubwa wana nafasi zao katika mtoano hata wasipokuwamo kwenye orodha, na ligi zilizobaki zote zinagombania nafasi moja ya uhakika. Msimu kama wa 2025 ukijirudia, Duke inaingia ikiwa imefungwa mara 5 na James Madison inabaki nje ikiwa imefungwa mara moja. Ufa uliowapitisha vijana wetu umezibwa kwa simenti.

Nimefikia msimamo kwamba nafasi hiyo moja ya uhakika ni ya kulindwa kuliko ahadi zozote za kamati, kwa sababu kwa ligi ndogo ndiyo pekee inayoamuliwa na ubingwa wa uwanjani angalau kwa sehemu. Wanaosema kwamba ligi ndogo ziachane nayo na zishindane “kwa sifa tu” wanasahau kwamba sifa hupatikana kwa kuwashinda wakubwa, na mkubwa ndiye anayeamua kama atacheza nawe, lini, na katika uwanja wa nani.

Hilo la mwisho linazidi kuwa gumu. Mwaka huohuo wa 2026, SEC, mojawapo ya ligi 4 kubwa, inaongeza mechi zake za ligi kutoka 8 hadi 9, na bado kila timu yake inatakiwa kucheza angalau mechi moja na timu ya hadhi ya ligi kubwa. Zinabaki mechi 2 kwa mwaka. Kwa desturi mechi hizo huchezwa nyumbani, mbele ya makumi ya maelfu ya watu, dhidi ya yeyote anayekubali hundi. Uwanja wetu una viti takriban 25,000, na sioni chuo cha SEC ambacho mhasibu wake atakubali kuitumia mojawapo ya hizo 2 kuja Harrisonburg.